Ngozi ya Ng'ombe wa Papa Mulongo

Kijana mmoja wenu ninyi madaktari wa mifugo, koti lake jeupe bado lina mikunjo ya dukani, aliniuliza juzi ni dawa gani iliyokuwa na nguvu kupita zote siku zetu. Nikamwambia sikumbuki. Nakumbuka, ila nilikuwa nimechoka, na nilijua jibu langu halitamfurahisha. Dawa zilikuwa chache, nyingine ziliharibika njiani, na wanyama wengi walipona wenyewe. Kilichotusumbua zaidi ni maneno: nani alisema nini, nani alinyamaza, nani aliitikia ndiyo huku moyoni anasema hapana. Kuna mtu mmoja, jina lake Kisimba, alikufa kwa ajili ya ndiyo ya namna hiyo. Nitafika kwake. Niacheni niende polepole, magoti yangu hayapendi haraka, na siku hizi kichwa nacho kimeanza kuyaiga magoti.

Kazi yangu ilikuwa katika biro ya veterineri, ofisi ya kutibu wanyama, hapa Kalemie, enzi zile mji ukiitwa Albertville, miaka ya mwanzo ya uhuru. Mimi ni Mtabwa wa Moba, mtoto wa wavuvi. Kwetu tulijua samaki, ng'ombe tulimwona kwenye picha. Masista walinifundisha Kifaransa na kushona, na kushona kulinishinda. Niliajiriwa kuosha sindano na kuzichemsha. Wazungu walipoondoka, wengine wakiacha hata sahani mezani, ofisi ikabaki na watu wawili: mimi na Papa Kitenge, muuguzi wa wanyama, mtu aliyeanza kazi hiyo mimi bado navaa gauni la shule. Baadaye tukaletewa daktari mgeni kutoka ng'ambo, kijana mwembamba mwenye moyo mzuri. Tukamwita Dokta, basi. Kiswahili hakukijua hata cha kuombea maji. Hivyo nikawa mdomo wake na masikio yake, na sindano nikaendelea kuziosha mimi.

Nianze na mbwa, maana mbwa ndio waliotufundisha kwanza. Wazungu waliondoka na masanduku, mbwa wakawaachia wapishi na walinzi wao. Ghafla mji ukawa na mbwa wakubwa wenye manyoya, wasiojua neno la Kiswahili, wasiotaka bukari, yaani ugali, wala dagaa. Mama Verona, muuza samaki wa sokoni, alirithi mmoja mrefu kama ndama. Alikuja naye akimburuta na kulalamika, "Mama, huyu anajua Kifaransa kunishinda mimi. Namwambia toka, ananitazama tu. Iko sawa na kuishi na mukubwa ya kazi mu nyumba."

Siku hiyo Dokta alitokea mlangoni, akamnyooshea yule mbwa kidole na kusema kwa sauti ya amri, "Assis!" yaani kaa. Mbwa alikaa. Lakini pembeni palikuwa na mzee mmoja aliyekuja na mbuzi wake, mtu aliyetumikia nyumba za Wazungu tangu ujana, alikuwa amesimama akinyoosha mgongo. Naye akakaa, tena kwa haraka kuliko mbwa. Watu kwenye benchi wakaanza kucheka, kisha wakaacha. Mzee aliangalia miguu yake. Dokta akawa mwekundu mpaka shingoni, akaniuliza aseme nini. Nikamwambia asiseme kitu, aende akamsalimie kwa mkono na kumuuliza habari za nyumbani. Akaenda. Tangu siku ile ikawa desturi yetu: mtu husalimiwa kwanza, mnyama baadaye. Ninyi leo naona mnaingia na kipimajoto mkononi mnaelekea mkiani moja kwa moja. Mkia hautakimbia. Mwenye mnyama ndiye atakayekimbia, na akikimbia hatarudi tena hata kama zizi zima linakufa.

Ila kumfundisha mgeni kusalimia ni kazi nyingine. Dokta alijifunza "habari za nyumbani," akawa anaisema vizuri sana, lakini hakungojea jibu. Mtu anaanza kumwambia mama mkwe anaumwa, yeye ameshapanua mdomo wa mbuzi anahesabu meno. Nilimvuta koti mara nyingi. Nilimwambia mama mkwe anayeumwa ndiye anayepewa maziwa ya mbuzi huyu, kwa hiyo sikiliza, umo humo ugonjwa unaoutafuta. Polepole akajifunza. Wengine wenu, naona, mtachukua muda zaidi yake.

Sasa nije kwa Papa Kitenge, kwa sababu bila yeye hamtaielewa habari ya Kisimba. Kitenge alizaliwa vijiji vya huko juu kwenye mto Lukuga. Alijua wafugaji wote kwa majina, na alijua nani amemfugia nani. Siku moja alikuwa anamdunga kondoo sindano mbele ya watu, na kwenye benchi alikuwa amekaa baba mkwe wake. Dokta akapita, akaona jambo ambalo hakulipenda, akamnyang'anya sindano mkononi na kumdunga kondoo mwenyewe. Hakusema neno baya. Labda kuhusu sindano alikuwa na haki, mimi sijui. Lakini alimnyang'anya mwanamume kitu cha kazi mkononi mbele ya baba mkwe wake, na mambo kama hayo kwetu hayasahauliki kwa kupewa sigara jioni.

Tangu hapo Kitenge alikuwa na neno moja tu kwa Dokta: "Oui, Dokta," ndiyo, Dokta. Akiulizwa anajibu kwa ufupi kabisa. Asipoulizwa hasemi. Dokta naye akadhani huo ndio utaratibu mzuri wa kazi, kwamba sasa mambo yanakwenda kimya. Friji yetu ilikuwa ya mafuta ya taa, ina utambi unaohitaji kukatwa. Kitenge aliona utambi unazimika, akangoja aulizwe. Dokta alidhani Kitenge anautazama. Chanjo zote zikachacha. Nilikasirika siku ile, nikawaambia wote wawili, mmoja kwa Kiswahili na mwingine kwa Kifaransa, kwamba mimi si bomba la kupitishia maji machafu kati ya nyumba mbili. Kitenge alicheka kidogo. Kesho yake akarudia "Oui, Dokta." Nilichoka nao mpaka nikaota niko Moba naanika samaki.

Katika hali hiyo ndipo Kisimba alipokuja.

Kisimba alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye kofia aliyoizungusha mikononi kila anapoongea. Alikaa kijiji kimoja ng'ambo ya Lukuga, akichunga ng'ombe wachache ambao si wake. Mwenye ng'ombe alikuwa Papa Mulongo, mashinisti, dereva wa treni, aliyekaa hapa mjini kwenye kambi ya reli na aliyemwoa dada yake Kisimba, Mama Anjelina. Mulongo aliwanunua kwa mkulima mmoja mgeni aliyekuwa anafunga safari, na kwa kuwa huwezi kufuga ng'ombe kwenye kambi ya reli, akamkabidhi shemeji yake. Hii ni desturi ya zamani, mnaijua. Mali yako inakaa kwa ndugu, maziwa anakunywa yeye, na ndama mnapatana.

Kisimba alisema ng'ombe mmoja ameanguka asubuhi akafa, wala hakuumwa, na damu nyeusi inamtoka puani. Dokta alisimama kabla sijamaliza kutafsiri. Tukaingia kwenye gari sisi wanne. Kule alitoa tone la damu kwenye sikio la ng'ombe, akalitazama kwa darubini yake juu ya boneti ya gari, kisha akatuita. Ulikuwa ule ugonjwa ambao watu wa Kigoma wanauita kimeta. Akaeleza vizuri, nami nikatafsiri bila kukosea neno: msile nyama, msimpasue, msimchune ngozi, maana damu ikitoka nje inaacha mbegu ambazo zinakaa kwenye udongo miaka na miaka, na zikiingia kwenye kidonda cha mtu zinamuua. Chimbeni shimo refu, mumwingize mzima mzima, mmwagie chokaa. Chokaa tuliwaachia.

"Umeelewa?" Dokta akauliza.

"Umeelewa, Papa Kisimba?" nikauliza.

"Ndiyo, Mama. Ndiyo, Dokta."

Aliitoa upesi sana ile ndiyo. Kofia ilikuwa inazunguka mikononi. Kitenge alikuwa ameegemea gari, anaangalia milimani. Tungengoja shimo lichimbwe, lakini barabara siku zile ilikuwa na vizuizi vya askari, na jua likishuka kidogo hakuna aliyekuwa na hakika ya kupita. Tukaondoka.

Baada ya siku kadhaa Kisimba alikuja mjini, akapitia ofisini kutushukuru, kama mtu mwenye adabu anavyofanya. Alituletea kuku. Nilimpa mkono, yeye akanipa kiwiko cha kushoto. Kwetu mtu mwenye mikono michafu hukupa kifundo cha mkono, lakini huyu alikuwa ameoga, na mkono wa kulia ulikuwa umefungwa kitambaa mpaka juu.

"Mukono iko na nini, Papa?"

"Mwiba tu, Mama. Hauumi hata."

Hapo nilishtuka, maana mkono ulikuwa umevimba hadi kwapani, na mkono uliovimba vile unatakiwa uume. Nilimwita Dokta. Alifungua kitambaa akakuta kidonda chenye gamba jeusi katikati, malengelenge yamelizunguka. Alikaa kwenye stuli. Akaniambia nimuulize kama alimchuna ng'ombe.

Nikamuuliza. Kisimba akasema hapana. Nikarudia. Akasema hapana, Mama, Dokta alikataza. Alikuwa anatoka jasho, na aliniangalia kwa macho ya kuniomba nisimuulize tena. Nilijua anasema uongo na nilijua sitaupata ukweli, kwa kuwa alishasema ndiyo mbele yetu wote, na kusema sasa kwamba alichuna ni kutuambia kuwa ndiyo yake haikuwa kitu.

Kitenge alikuwa kwenye kabati la dawa, ametugeuzia mgongo. Aligeuka. Nadhani ni mara ya kwanza kwa miezi alisema neno ambalo hakuulizwa. Hakumuuliza kama alichuna. Alimuuliza kwa upole, kama watu wanaongea habari za barabarani, "Na ngozi, ndugu yangu, ulimupelekea nani?"

Kisimba akashusha pumzi. "Niliipeleka leo kwa shemeji. Mulongo iko mu safari ya Kabalo, nikamuachia dada."

Kisha akaeleza yote, kofia ikiwa imeanguka chini. Nyama hawakuigusa. Shimo alichimba refu. Chokaa alimwaga yote. Alitii kila kitu isipokuwa kimoja, kwa sababu kimoja hicho hakuweza. Ng'ombe wa mtu akifa mikononi mwako, unampelekea mwenyewe ngozi. Ngozi ndiyo inayosema kwamba ng'ombe alikufa kweli, hukumuuza, hukumlisha ukoo wako. Usipopeleka ngozi, hata wasipokuita mwizi mdomoni, watakuita kwa macho. Na dada yake alikuwa ndani ya nyumba ya mwenye ng'ombe. "Ningemuambia nini Mulongo? Kama Mungu alikula ngozi?"

Nilimtafsiria Dokta. Alimtazama Kitenge, akauliza kama alijua desturi hii.

"Oui, Dokta," Kitenge akajibu. Halafu akaongeza, "Hamukuniuliza."

Dokta hakumkaripia. Nadhani aliikumbuka ile sindano. Alivaa koti, akampeleka Kisimba hospitali mwenyewe, na mimi na Kitenge tukaenda mbio kambi ya reli.

Mama Anjelina alikuwa ameitandika ngozi ile chini, karibu na kitanda, watoto wamekalia wanacheza. Hakutaka kutupa. Alisimama mlangoni akasema, "Hii njo heshima ya kaka yangu. Mukiichukua, Mulongo akirudi nitamuonyesha nini?" Mimi nilianza kumweleza mbegu na damu na udongo, na niliona maneno yangu hayaingii. Kitenge akanisimamisha. Alichuchumaa akamwambia, "Mama, ng'ombe nilimuona na macho yangu amekufa. Mulongo akirudi, mi nitakuwa hapa mlangoni, nitamuambia mbele ya kambi yote. Mi ndiye ngozi." Mama Anjelina alikubali kwa neno hilo. Tuliichoma nyuma ya nyumba kwa mafuta ya taa, watoto tukawapeleka wakaangaliwe na wauguzi. Hawakudhurika, namshukuru Mungu.

Mengi ya kazi mliyokuta ninyi yalitoka siku hiyo. Mnapokataza mnyama wa mtu asichunwe, mnaita mwenyewe aje aone, na kama yuko mbali mmoja wenu anasimama shahidi kwa mdomo wake. Hiyo ilikuwa ya Kitenge. Kila asubuhi kabla ya kufungua mlango tulikunywa chai tumesimama, sisi watatu, na Dokta alianza kwa kumuuliza Kitenge anajua nini ambacho yeye hajui. Mwanzoni Kitenge alikuwa na majibu mafupi. Baadaye ilibidi tumkatize tufungue. Na mimi nikaacha kabisa kumuuliza mtu "umeelewa." Hilo swali halina jibu lingine hapa kwetu, anayekuheshimu atasema ndiyo, anayekuogopa atasema ndiyo, na anayetaka kwenda nyumbani naye vilevile. Namuuliza, "Ukifika nyumbani, utaanza na nini? Na mwenye mnyama utamwambiaje?" Hapo anakaa, anafikiri, na kile kinachomzuia kinatoka. Inachukua muda. Mtachoka. Mimi nilichoka miaka yote, na bado nilikuwa nauliza.

Mulongo alirudi kutoka Kabalo na nguo zake za mashine, mafuta meusi hadi kwenye nyusi. Kitenge alitimiza ahadi, alikuwa mlangoni. Kisha Mulongo akaja hospitali moja kwa moja bila kunawa. Mimi nilikuwa kando ya kitanda, kwa sababu Dokta pia alikuwa amekuja kuangalia mgonjwa na alitaka kujua kila kinachosemwa. Kisimba alikuwa na homa kali, uvimbe umefika kifuani, penisilini walikuwa wamempa lakini alikuwa amechelewa kuja. Alipomwona shemeji yake alijaribu kukaa.

"Ngozi uliiona?" akauliza.

"Waliichoma," Mulongo akasema. "Kitenge aliniambia. Ilitosha."

Kisimba akafumba macho. Mulongo akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akakishika kichwa cha Kisimba kwa mikono yake yenye mafuta, na akaanza kulia bila kujificha.

"Shemeji, mi sikukuomba ngozi hata siku moja. Ungeniambia tu ng'ombe amekufa, ningekubali."

Kisimba alifumbua macho. Kisha akasema, bila hasira, kama mtu aliyechoka, "Na haukusemaka kama hauitaki."

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho niliyoyasikia. Kesho yake tulimzika.

Dokta aligusa bega langu, akaniuliza kwa Kifaransa wamesema nini. Nilifungua mdomo nikashindwa. Miaka ile yote kazi yangu ilikuwa kutafsiri, na pale palikuwa na mtu na shemeji yake, wamekula sahani moja tangu arusi, wote wawili wakisema Kiswahili, na neno moja lilikuwa halijapita kati yao.